Seva yangu ya nyumbani imemchimbia mtu sarafu za kidijitali siku 19, na ufw (firewall yangu) ilikuwa "active" muda wote

#1 MtaaWaPili

Wakuu habari za majukumu.

Naandika huu uzi kwa aibu kidogo, maana miezi michache nyuma nilikuwa humu humu nawaelekeza watu namna ya kujenga seva nyumbani. Leo mwalimu kachapwa.

Kisanduku chenyewe ni Lenovo ThinkCentre M710q, mtumba wa Kariakoo, i5-6500T, RAM 16, SSD ya GB 500 na diski ya nje ya TB 2. Ubuntu Server 20.04. Kinakaa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwa sababu hapo ndipo faiba inapoingilia. Kazi zake: Immich kwa picha za familia, Jellyfin kwa katuni za watoto, na programu ndogo ya mauzo niliyomwandikia dada yangu mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Hiyo ya dada inatumia database ya Postgres. Vyote vimo ndani ya Docker, yaani kila programu kwenye chumba chake kilichotengwa (kontena).

Dalili ya kwanza haikutoka kwenye kompyuta. Mama watoto aliniuliza, "Hivi LUKU mbona inakwisha upesi siku hizi?" Nikaisingizia friji. Dalili ya pili ilikuwa feni. Kisanduku hiki kikitulia hukisikii kabisa, kinakula wati 10 hivi, yaani robo uniti kwa siku. Jumanne joto lilinitoa chumbani nikaja kulala sebuleni, nasikia feni inavuma kama draya ya saluni. Saa nane usiku, hakuna mtoto anayeangalia katuni.

Nikaingia, nikapiga top (inaonyesha programu zinazokula CPU):

41873 systemd+ 20 0 398.3 kdevtmpfsi

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Nikaona "systemd+", nikaona jina linaanza na kdev, nikajisemea hiki ni kitu cha mfumo wenyewe, kitamaliza kazi yake. Nikageukia upande wa pili nikalala. Asubuhi bado kipo. Nikakiua, dakika haikuisha kikarudi. Nikakiua tena, kikarudi. Ndipo nikalitafuta lile jina mtandaoni, na chai ikanishinda.

Kwa wasiojua: keneli ya Linux ina mchakato wake halali unaoitwa kdevtmpfs. Hawa jamaa wameongeza herufi i mwishoni, basi. Ni mchimbaji wa Monero (sarafu ya kidijitali), na anakuja na mwenzake aitwaye kinsing ambaye kazi yake ni kumfufua kila ukimuua.

Sasa tazameni ufw:

Status: active
22/tcp ALLOW Anywhere
443/tcp ALLOW Anywhere

Zaidi ya hapo kila kinachoingia ni deny. SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) haipokei nywila, naingia kwa ufunguo wa ed25519 tu. fail2ban (inayofungia anwani zinazokosea kuingia mara nyingi) ipo na imeshafungia anwani mia na ushee. unattended-upgrades (inayoapdeti mfumo yenyewe) imewashwa. Jamaa kapita wapi?

Wajuzi shusheni nondo.

#2 Ngoja_Waje

Nimeweka kiti. Ngoja waje.

#3 Kobe_Mzee

Pole sana kijana. Kwanza chomoa kebo ya mtandao. Nimesema chomoa, sijasema zima. Ukizima unapoteza kilichomo kwenye RAM, na ukiiacha mtandaoni inaendelea kupokea amri za mwenyewe. Chomeka skrini na kibodi, halafu tuletee `docker ps` nzima nzima, usichague mistari.

Na utuambie ruta umeipanga vipi.

#4 MtaaWaPili

Mzee Kobe, nimechomoa. Mistari ya Immich na Jellyfin naona haina shida. Huu hapa wa programu ya dada:

mauzo_db postgres:13 0.0.0.0:5432->5432/tcp

Ruta... dah. Kufungua poti moja moja kulinisumbua, nikaiweka seva kwenye DMZ, yaani kila kinachoingia kutoka nje ruta inakielekeza kwake. Niliona ufw ipo, itachuja yenyewe.

#5 binti_wa_terminal

Kaka, jibu umelileta mwenyewe kwenye #4. Ule mshale.

Docker haipiti kwenye ufw. Ukiandika "5432:5432" kwenye faili la compose (maelekezo ya kuwasha makontena), Docker inaingia yenyewe kwenye iptables (kanuni za kuchuja pakiti ndani ya keneli) na kuweka kanuni ya kugeuza anwani ya pakiti mapema kabisa, kwenye PREROUTING. Pakiti iliyokuwa inakuja kwa seva sasa inaelekezwa kwa kontena, tuseme 172.18.0.3. Kwa kuwa haiendi tena kwa seva yenyewe, haigusi INPUT, na kanuni ulizoandika za ufw ziko INPUT. Inapita FORWARD, ambako Docker imeshajiwekea ruhusa zake juu kabisa. Mlinzi wako amekaa getini na daftari la wageni, wapangaji wametoboa ukuta wa uani. Ukimuuliza mlinzi atakuapia kwamba hajapita mtu, na anasema kweli.

Si hitilafu iliyotokea jana, na nyaraka za Docker zenyewe zinalisema. Tatizo ni kwamba ufw status haitakuonyesha hata siku moja.

Sasa hilo la "systemd+". Imeji ya Postgres inaendesha huduma kwa mtumiaji namba 999 ndani ya kontena. Seva yako ikiiona 999 inatafuta kwenye /etc/passwd yake yenyewe nani ana namba hiyo, na kwenye Ubuntu 20.04 mara nyingi ni systemd-coredump. top inakata jina refu na kuweka jumlisha. Kwa hiyo ulichokiona kama mtu wa mfumo alikuwa postgres wa ndani ya kontena kavaa kitambulisho cha jirani. Usijilaumu, hilo limewalaza wengi.

Fanya hivi:

docker logs -t mauzo_db 2>&1 | grep -i program

Na naomba ujibu kwa ukweli: POSTGRES_PASSWORD ni nini?

#6 MtaaWaPili

postgres.

Nilikuwa najaribu tu dada, nikasema nitabadilisha. Poti yenyewe niliifungua siku moja nikiwa kazini ili niunganishe DBeaver (programu ya kutazama database), nikasahau.

grep imeleta mistari mingi, naweka mmoja:

STATEMENT: COPY qxvb FROM PROGRAM 'echo IyEvYmlu...|base64 -d|bash'

Wa kwanza kabisa una tarehe ya siku 19 nyuma. LUKU ilikuwa inasema ukweli.

#7 binti_wa_terminal

Ndiyo hiyo. Ule mwanzo IyEvYmlu ukiufumbua ni "#!/bin", yaani skripti. COPY FROM PROGRAM imo kwenye Postgres tangu toleo la 9.3, kazi yake halali ni kusoma data kutoka kwenye programu nyingine, na superuser (mtumiaji mwenye mamlaka yote) anaruhusiwa kuitumia. Ukimpa mtu nywila ya superuser wa Postgres umempa na shell, yaani uwezo wa kuendesha amri yoyote. Hakuvunja chochote, aliingia akapika.

Wala usifikiri kuna mtu alikukusudia. Ni roboti zinazunguka anwani zote za dunia kugonga 5432, Redis ya 6379, na 2375 ya Docker ikiwa wazi.

#8 SultaniWaKebo

Mkuu usihangaike. Kontena ni jela. Futa kontena, badili nywila, maisha yaendelee. Kufomati seva nzima kwa ajili ya mchimbaji mmoja ni kuchoma nyumba kwa sababu ya panya.

#9 Kobe_Mzee

Sultani, jela ina milango. Kontena hilo liliwashwa na privileged (mamlaka kamili juu ya seva)? Lina foda la seva lililopachikwa ndani? Kuna docker.sock (mlango wa kuiamuru Docker yenyewe) imeingizwa humo? Jibu likiwa hapana kwa yote, naweza kukubaliana nawe nusu. Kwa siku 19 huyo mtu alikuwa ndani ya mtandao wa nyumbani, anaona ruta, anaona laptopu, anaona TV. Mimi napiga chini. Kusimika Ubuntu upya ni jioni moja. Kulala ukijiuliza ni miezi.

#10 MtaaWaPili

Privileged hapana. Ila nina Portainer (paneli ya kusimamia makontena) yenye docker.sock, na nilipoiweka nilitumia nywila ambayo... haitofautiani sana na hiyo ya #6.

Napiga chini.

#11 binti_wa_terminal

Uamuzi mzuri. Tahadhari moja kabla hujafuta: data ya dada usiichukue kwa kunakili foda la Postgres. Toa kwa pg_dump, maandishi matupu, halafu yasome. Ndani ya psql piga \du uone kama kuna superuser usiyemjua, na \df uone kama kuna function ambayo hukuiandika wewe. Jedwali lenye jina la ajabu kama lile qxvb liache huko huko. Ukibeba foda zima unaweza kumbeba na mgeni.

#12 Pwani_Root

Salamu kutoka Mombasa. Pole ndugu yangu.

Mimi huku sina hata anwani ya umma, mtoa huduma ametuweka wateja kibao nyuma ya anwani moja. Ukitaka kujua kama nawe uko hivyo, ingia kwenye ruta uitazame anwani ya WAN: ikianzia 100.64 hadi 100.127, poti hutafungua hata ulie. Nililalamika sana mwanzoni. Siku hizi nashukuru, maana roboti hazinifikii.

Kuingia nyumbani natumia Tailscale. Chini yake ni WireGuard (VPN), lakini yenyewe ndiyo inayokutanisha vifaa na kutoboa njia hata pande zote mbili zikiwa nyuma ya NAT (vifaa vingi kutumia anwani moja ya umma). Ikishindikana inapitisha pakiti kwenye seva zao za kati, polepole kidogo lakini zimefungwa kwa ufunguo, hawazisomi. Dakika kumi nilikuwa nimemaliza, simu na laptopu.

#13 Mdadisi_78

Pwani, hapo umemkabidhi mtu wa tatu daftari la funguo zako. Kampuni ikiamua kuongeza kifaa kwenye mtandao wako nani atajua?

#14 Pwani_Root

Ndio maana kuna Tailnet Lock, kifaa kipya hakikubaliki hadi kimoja cha vyako kikitie sahihi. Na ukitaka kujitegemea kabisa kuna Headscale, unaendesha mwenyewe ile seva ya kukutanisha. Lakini hiyo nayo inataka pa kukaa penye anwani ya umma, tunarudi pale pale. Kwa mtu wa CGNAT (anwani moja kwa wateja kibao) kama mimi hakuna cha bure kisichokuwa na mtu wa kati. Nimemchagua wa kwangu kwa macho mawili.

#15 Kobe_Mzee

Kwa mleta mada ni rahisi zaidi, ana anwani ya umma. WireGuard tupu. Imo ndani ya keneli tangu 5.6 ya Machi 2020, kodi yake yote ni mistari elfu nne hivi, na uzuri wake mkubwa ni ukimya: pakiti isiyokuwa na ufunguo sahihi haijibiwi kitu. Mtu akipima poti yako 51820 haoni tofauti kati yake na ukuta. Toa DMZ, fungua UDP moja hiyo hiyo, funga na 22 na 443 kwa nje. Anwani ikiwa inabadilikabadilika, weka DuckDNS, ikupe jina lisilobadilika.

Ukitaka DBeaver kazini, ingia WireGuard kwanza. Na kwenye compose usiandike "5432:5432", andika "127.0.0.1:5432:5432". Ukiona hata hiyo haina kazi, ifute, programu ya dada inaweza kuongea na Postgres kwa jina la kontena bila poti yoyote kutoka nje. Immich wanafanya hivyo hivyo, ndiyo maana database yao haikuwa na mshale kwenye orodha yako.

#16 SultaniWaKebo

Mi SSH nimeihamishia 2222, tangu hapo kimya. Mambo ya WireGuard sijui nini ni kujichosha.

#17 binti_wa_terminal

Kelele zimepungua, hatari haijapungua. Anayetafuta kwa dhati anapima poti zote 65535. Hamisha ukipenda, logi zinakuwa safi na mimi mwenyewe nimewahi kufanya, ila usiihesabu kama kufuli.

#18 Mdadisi_78

Hili la fail2ban kufungia anwani mia na ushee nalo limenichekesha. Ilikuwa inalinda mlango ambao tayari una kufuli la chuma. Kama nywila zimezimwa, roboti ingekisia mpaka kiama. Haikosei kuwepo, lakini ile namba inampa mtu amani ya uongo: "leo imekamata kumi na mbili". Wakati Postgres haikuwa na jela ya fail2ban kabisa.

#19 Pwani_Root

Na kwa wenye Debian 12: fail2ban ukiisimika inagoma kuwaka. Inatafuta /var/log/auth.log, na Debian 12 haiji na rsyslog (inayoandika faili za logi), kwa hiyo faili halipo. Weka backend = systemd kwenye jail.local. Nilipoteza Jumamosi nzima.

#20 MtaaWaPili

Wakuu, nimerudi. Ubuntu 24.04 mpya, diski imefutwa. Ila kuna jambo linataka kunitoa roho. Nimeweka PasswordAuthentication no kwenye /etc/ssh/sshd_config, nimewasha huduma upya, na laptopu ya mke wangu ambayo haina ufunguo BADO inaulizwa nywila. Nimeandika upya mara tatu. Nimekodoa macho kama nimekosea herufi.

#21 binti_wa_terminal

Usilisome faili. Iulize huduma yenyewe:

sudo sshd -T | grep -i passwordauth

#22 MtaaWaPili

passwordauthentication yes

???

#23 binti_wa_terminal

Angalia /etc/ssh/sshd_config.d/, utakuta 50-cloud-init.conf. Wakati wa kusimika ulikubali kuingia kwa nywila, ikaandikwa humo. sshd inachukua thamani ya kwanza inayokutana nayo, na ule mstari wa Include uko juu kabisa ya faili kuu. Ulichoandika wewe chini kinafika kimechelewa, na hakuna anayekuambia. Sahihisha humo humo au uweke faili lako linaloanza na 00. Na usifunge terminali uliyomo mpaka uwe umefungua ya pili kwa ufunguo na imekubali.

Ni ugonjwa ule ule wa ufw: ulisoma ulichoandika ukadhani ndicho kinachotendeka.

#24 MtaaWaPili

Imekubali. no.

Nimekaa nikajiuliza hiyo seva ya zamani nayo ilikuwa inasemaje kweli, lakini nimeshaifuta. Bora nisijue.

#25 Kobe_Mzee

Afadhali umehama na 20.04. Huduma yake ya kawaida iliisha 2025. Ulisema unattended-upgrades imewashwa, sawa, lakini ilikuwa inagonga duka lililofungwa. Ungeunganisha Ubuntu Pro, ambayo kwa mtu binafsi ni bure hadi mashine tano, ungeendelea kupata viraka.

Na unattended-upgrades haigusi makontena. Inaapdeti vya apt tu. Immich, Jellyfin na Postgres ni juu yako: docker compose pull, kisha up -d. Usiandike postgres:latest. Siku toleo kubwa likibadilika itakataa kuwaka na kukuambia faili zako haziendani nayo, na dada atakupigia simu saa mbili asubuhi.

#26 Mdadisi_78

Kwenye hilo la programu za nyumbani zilizosahaulika, mfano mkubwa ni LastPass 2022. Kampuni ya kutunza nywila za watu. Wavamizi walimpitia injinia wao mmoja nyumbani kwake, kwenye Plex ya zamani. Kiraka cha lile tundu kilitoka Mei 2020. Kwa miaka miwili hakuapdeti, wakamwekea programu ya kunasa anachochapa, wakapata nywila yake kuu. Sinema za sebuleni zilifungua kabati la kampuni.

#27 Ngoja_Waje

Duh. Nimeenda kuiapdeti Jellyfin yangu sasa hivi. Nilikuwa nyuma matoleo mengi, siyataji.

#28 Mgeni_Msomaji

Samahani wakuu, mimi bado mchanga. Hizi terminali zinanichanganya. Hakuna programu ya kubofyabofya tu?

#29 Kobe_Mzee

Ipo mwanangu. Webmin natumia tangu nywele zikiwa nyeusi, ilianza 1997. Iko kwenye kivinjari, poti 10000, watumiaji, diski, cron, kila kitu. Cockpit ni ya kisasa zaidi, poti 9090, nyepesi, inalala mpaka uiite.

#30 binti_wa_terminal

Shikamoo mzee, kwa heshima zote: Webmin ya 2019 tumeisahau? Mtu aliingia kwenye mashine wanayojengea matoleo akapandikiza mlango wa nyuma. Matoleo ya 1.890 hadi 1.920 yalitembea nao zaidi ya mwaka, na 1.890 ilikuwa wazi hata bila kubadilisha mpangilio wowote.

#31 Kobe_Mzee

Marahaba. Sijasahau, nilikuwa nayo mojawapo. Haikufikiwa kwa sababu 10000 yangu haijawahi kuonekana nje ya nyumba. Mgeni chukua Cockpit, mimi nitazeeka na Webmin yangu. Ila yoyote utakayochukua, isikilize ndani ya WireGuard tu. Paneli ya kuendeshea seva ni funguo zote kwenye pete moja, haianikwi barabarani.

Na kama tunahesabu milango ya nyuma, xz (programu ya kubana data) ya 2024 nayo ilikuja mlangoni mwa SSH yenyewe. Andres Freund, injinia wa programu, aliikamata kwa sababu kuingia kulichukua nusu sekunde zaidi. Nusu sekunde! Wengine tunasikia feni inavuma tunageukia upande wa pili.

#32 MtaaWaPili

Mzee umenipiga mbele za watu.

#33 SultaniWaKebo

😂😂

#34 Mdadisi_78

Mleta mada, kwenye huo mjengo mpya weka kitu cha kukupigia kelele. Netdata ingekuambia siku ya kwanza kwamba CPU imegota 100 na haishuki. Uptime Kuma ni ya kujua huduma ipo au haipo, inakutumia ujumbe Telegram, lakini kwa tukio hili isingekusaidia: huduma zako zote zilikuwa hewani na zenye afya. Mchimbaji mzuri hataki seva ianguke.

Lynis nayo ipitishe mara moja, `lynis audit system`. Inakupa alama na orodha ya mapungufu. Alama zipuuze, orodha isome. Haitakuambia kuhusu nywila yako ya Postgres.

#35 Pwani_Root

Bekapu je? Sijaona mtu ameuliza.

#36 MtaaWaPili

Ilikuwepo. rsync kila usiku kwenda kwenye ile diski ya nje ya TB 2. Iliyochomekwa kwenye seva hiyo hiyo. Muda wote.

Najua. Msinipige tena.

#37 Pwani_Root

Bahati yako alikuwa mchimbaji. Angekuwa yule aliyezungukia NAS (visanduku vya kuhifadhi faili mtandaoni) za QNAP Januari 2022, Deadbolt, ungekuta faili zote zimefungwa na barua ya kudai bitcoin 0.03. Na diski ya nje nayo ingeenda.

Mimi natumia restic. Inafunga data kwa nywila kabla haijatoka, hairudii kunakili kisichobadilika, na inatunza picha za siku tofauti: --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 6. Nakala moja iko nyumbani, nyingine kwa shemeji yangu Kilifi, yeye ana diski kwangu mimi nina diski kwake, tunapitia Tailscale. Kwake inaendeshwa rest-server yenye --append-only, maana yake seva yangu inaweza kuongeza lakini haiwezi kufuta. Mvamizi akiishika seva yangu leo, za jana hazigusi.

Nywila ya restic iandike kwenye karatasi. Ukiipoteza hakuna wa kumpigia. Na mara moja kwa mwezi rudisha picha kadhaa uzifungue kwa macho. Mwaka wa kwanza nilikuwa nabekapu foda tupu, njia niliikosea herufi, na kila usiku iliniambia imefaulu.

#38 Ngoja_Waje

Foda tupu mwaka mzima 😭

#39 MtaaWaPili

Mrejesho wa mwisho mwisho.

DMZ nimetoa. WireGuard imesimama. Dada alikuja jana na simu yake, nikatoa QR kwenye terminali kwa qrencode, akapiga picha kama analipia kitu dukani, nusu dakika akaiona programu yake ya mauzo. Akauliza kwa nini siku zote hatukufanya hivi. Sikuwa na jibu la kumpa mkubwa wangu.

pg_dump niliisoma. Mlikuwa sahihi, \du ilikuwa na superuser mmoja ambaye sikumzaa mimi. Nimebeba majedwali sita tu ninayoyajua kwa majina.

UPS imeunganishwa kwa USB na NUT (programu ya kuifuatilia UPS), umeme ukikatika na betri ikikaribia kuisha seva inajizima taratibu, na kwenye BIOS nimeweka iwake yenyewe umeme ukirudi. Bekapu ya nje bado, natafuta mtu wa kubadilishana naye diski kama shemeji wa Pwani.

Halafu nikazima Wi-Fi kwenye laptopu, nikachukua mtandao wa simu, nikaipima nyumba yangu kutoka nje:

nmap -Pn -p- ANWANI_YA_NYUMBANI 

All 65535 scanned ports are in ignored states. Sijawahi kufurahia skrini isiyo na kitu namna hii.

#40 binti_wa_terminal

Hongera kaka. Hiyo amri ya mwisho irudie kila ukiongeza kontena.

#41 Kobe_Mzee

Safi. Ila hiyo nmap imepima TCP tu. UPnP (inayoruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe) kwenye ruta umezima?

#42 MtaaWaPili

Hata sijui kama ipo. Naenda kuangalia.

#43 MtaaWaPili

Ilikuwa imewashwa. Kuna UDP tatu zimefunguliwa na PlayStation ya mtoto, hizo naelewa. Ya nne ni ya kifaa kinachoishia na .37.

#44 Kobe_Mzee

.37 ni nini?

#45 MtaaWaPili

TV.